Mabwawa ya Kuzuilia Mafuriko na Hesabu Zake katika Kompyuta

Mvua kubwa inyeshapo porini, sehemu ya maji hunaswa na majani, sehemu huzama ardhini, na sehemu inayobaki huteremka polepole hadi mtoni. Inyeshapo mjini mambo huwa mengine. Mapaa ya bati, barabara za lami na nyua za saruji haziruhusu maji kuzama, na mifereji iliyojengwa vizuri huyaharakisha zaidi. Matokeo yake ni kwamba maji ambayo zamani yalichukua saa kadhaa kufika bondeni, sasa hufika kwa dakika chache, tena yote kwa pamoja.

Wakazi wa Dar es Salaam wanalifahamu jambo hili kutokana na Mto Msimbazi, ambao huteremka kutoka vilima vya Pugu na kuingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Katika mafuriko ya Desemba 2011 watu wasiopungua 40 walipoteza maisha jijini humo, na maelfu wengine walihama makwao.

Mojawapo ya njia zitumiwazo na wahandisi kupunguza hatari hiyo ni kujenga mabwawa ya kuzuilia mafuriko katika vijito na mifereji midogo, kabla maji hayajafika kwenye mto mkubwa. Siku hizi mabwawa hayo hukokotolewa kwa kompyuta. Makala haya yanaeleza hesabu hiyo inavyofanywa, kwanza kwa mkono na kisha kwa kompyuta. Aidha yanaonyesha kwa nini kompyuta yaweza kutoa jibu nadhifu ambalo si la kweli, hata kama haikukosea hesabu hata moja.

Bwawa hufanya kazi gani?

Chukua debe tupu, litoboe tundu dogo karibu na kitako chake, kisha limimine maji kwa ndoo. Maji huingia kwa kishindo lakini hutoka kwa mchirizi mwembamba. Kina cha maji ndani ya debe hupanda kwa muda, halafu hushuka taratibu mpaka debe linakuwa tupu. Hakuna maji yaliyopotea: yote yaliyoingia yametoka. Kilichobadilika ni muda wa kutoka kwake.

Bwawa la kuzuilia mafuriko ni debe hilo kwa ukubwa. Halikusudiwi kutunza maji ya kunywa wala ya kumwagilia mashamba. Kazi yake ni kuyachelewesha maji, ili mfereji ulio chini yake upokee kiasi unachokimudu. Kutokana na hayo twaweza kusema jambo ambalo husahauliwa mara nyingi: bwawa lililojaa maji kabla ya mvua halina msaada wowote. Vilevile, maji yanayotuama chini ya usawa wa tundu la kutolea hayahesabiwi katika uwezo wa bwawa, kwa sababu nafasi hiyo imekwisha chukuliwa.

Tundu nalo lina sheria yake. Mtaalamu wa Italia, Evangelista Torricelli, alieleza mwaka 1644 kwamba mwendo wa maji yatokayo tunduni hufuata kipeuo cha pili cha kina cha maji yaliyo juu ya tundu. Kina kikiongezeka mara nne, mwendo huongezeka mara mbili tu. Maji yanapopita katika tundu lenye kingo kali mkondo wake hujikaza, na kwa hiyo kiasi kinachotoka huwa takriban sehemu 6 katika 10 ya kile ambacho kanuni hiyo peke yake ingetupa.

Mizania ya maji

Msingi wa hesabu nzima ni kanuni ambayo kila mwanafunzi wa sayansi anaijua: maada haiumbwi wala haipotei. Katika kipindi chochote cha muda, maji yaliyoongezeka bwawani ni sawa na maji yaliyoingia kutoa maji yaliyotoka. Ni hesabu ileile ya mwenye duka anayelinganisha fedha zilizoingia na zilizotoka ili ajue kilichobaki katika sanduku.

Tuchukue mfano. Mtaa wenye eneo la hekta 12 unapata mvua ya milimita 40, na robo tatu ya mvua hiyo inatiririka juu ya ardhi. Hekta moja ina mita za eneo 10,000, kwa hiyo maji yatakayofika bwawani ni 12 × 10,000 × 0.04 × 0.75, yaani mita za ujazo 3,600. Tuseme kwamba mtiririko unaanza sifuri, unapanda hadi mita za ujazo 2 kwa sekunde katika dakika ya 20, kisha unashuka hadi sifuri katika dakika ya 60. Ukichora grafu yake utapata pembetatu, na eneo la pembetatu hiyo ni mita za ujazo 3,600 zilezile.

Bwawa letu lina kuta zilizosimama wima, eneo la mita za eneo 2,000, na tuta lenye kimo cha mita 1.2. Tundu la kutolea maji ni la duara, na kipenyo chake ni sentimita 60. Kwa kutumia kanuni ya Torricelli pamoja na kile kizidishi cha 0.6, mtiririko utokao, kwa mita za ujazo kwa sekunde, ni takriban 0.75 mara kipeuo cha pili cha kina. Ili kurahisisha kazi, kina tunakipima kutoka katikati ya tundu, na kanuni hiyohiyo tunaitumia hata kabla tundu halijafunikwa lote.

Sasa tugawe saa moja katika vipindi vya dakika 10, yaani sekunde 600. Katika kipindi cha kwanza wastani wa maji yaingiayo ni 0.5, kwa hiyo yameingia mita za ujazo 300. Je, yametoka mangapi? Hapa pana fundo. Maji yatokayo hutegemea kina, na kina hutegemea maji yatokayo. Tukikisia kwamba kina mwishoni mwa kipindi ni mita 0.11, kipeuo chake cha pili ni 0.33 na maji yatokayo ni 0.25. Wastani wa kutoka, kuanzia sifuri hadi 0.25, ni 0.125, nao kwa sekunde 600 hutupa mita za ujazo 75. Zinabaki 225. Tukizigawanya kwa eneo la 2,000 tunapata kina cha mita 0.11. Makisio yetu yalikuwa sahihi.

Mwaka 1928 mhandisi wa Marekani, L. G. Puls, alieleza njia ya kupanga hesabu hii katika majedwali ili pasiwe na haja ya kukisia, na njia iliyotokana na kazi yake inafundishwa vyuoni hadi leo. Tukiendelea hivyo kipindi baada ya kipindi tunapata jedwali lifuatalo. Mtiririko umepimwa kwa mita za ujazo kwa sekunde, na kina kwa mita.

Dakika | Yaingiayo | Kina | Yatokayo
0 | 0 | 0 | 0
10 | 1.0 | 0.11 | 0.25
20 | 2.0 | 0.45 | 0.50
30 | 1.5 | 0.80 | 0.67
40 | 1.0 | 0.96 | 0.74
50 | 0.5 | 0.97 | 0.74
60 | 0 | 0.83 | 0.68

Kilele cha mita za ujazo 2 kwa sekunde kimeteremshwa hadi 0.74, na kimesogezwa kutoka dakika ya 20 hadi karibu na dakika ya 45. Mwanafunzi na atazame pia kwamba kina hufikia ukomo wake pale ambapo maji yaingiayo yanalingana na yatokayo. Kabla ya hapo yaingiayo ni mengi zaidi na bwawa hupanda. Baada ya hapo ni machache na bwawa hushuka. Ukichora mistari miwili ya jedwali hili katika grafu moja, itakatana juu ya kilele cha mstari wa kutoka. Isipokatana hapo, kuna kosa katika hesabu.

Kutoka bwawa hadi kompyuta

Dhana hii ya hifadhi imetumika Afrika ya Mashariki kwa muda mrefu. Mwaka 1976 Maabara ya Utafiti wa Usafiri na Barabara ya Uingereza ilichapisha kielelezo cha mafuriko cha Afrika ya Mashariki, kilichotokana na vipimo vya mvua na mitiririko katika mabonde madogo ya Kenya na Uganda. Kilikusudiwa kuwasaidia wahandisi wa madaraja na makalavati. Ndani yake bonde zima lilichukuliwa kama bwawa la kufikirika ambalo maji yatokayo yana uwiano na maji yaliyohifadhiwa. Hata mahali pasipo na bwawa, ardhi yenyewe huchelewesha maji, na hesabu yake ni ndugu ya hesabu tuliyoifanya.

Miongoni mwa programu zijulikanazo sana za kukokotoa mifereji ya mvua ni SWMM, iliyotengenezwa kwa ajili ya Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani. Toleo lake la kwanza lilikamilika mwaka 1971, na matoleo mapya hutolewa bila malipo. Katika programu hiyo mji huwa mtandao wa mistari na vifundo. Mistari ni mifereji na mabomba, na vifundo ni mahali inapokutana. Bwawa ni kifundo cha pekee chenye uwezo wa kutunza maji, na tundu lake la kutolea huwekwa kama kiungo kati yake na mfereji wa chini. Kompyuta hufanya mizania ileile ya jedwali letu, lakini kwa vipindi vya sekunde chache na kwa vifundo mamia kwa pamoja.

Ufupi wa kipindi si anasa. Tungalipima mtiririko uingiao kila baada ya dakika 30, tungaliona tarakimu tatu tu: 0, 1.5 na 0. Kilele cha 2 kingalitupita, na ujazo wa maji ungalionekana kuwa 2,700 badala ya 3,600.

Mambo ambayo kompyuta haiyajui

Kompyuta haijawahi kuliona bwawa. Inajua yale tu iliyoambiwa, na kuna mambo manne ambayo mtumiaji yampasa kuyaangalia kwa makini.

Jambo la kwanza ni umbo. Mabwawa mengi yana kingo zenye mteremko, na eneo la uso wa maji hupungua kadiri tunavyoshuka. Tuseme bwawa lina mita za eneo 1,000 chini, 1,300 kwenye kina cha mita 0.5, 1,640 kwenye mita 1.0, na 2,020 kwenye mita 1.5. Kwa kanuni ya trapeza ujazo wa matabaka matatu ni 575, 735 na 915, jumla 2,225. Mtu aliyepima eneo la juu peke yake na kulizidisha kwa kina atapata 3,030. Ameiambia kompyuta kwamba ipo nafasi ya mita za ujazo 805 ambayo haipo. Ndiyo sababu SWMM hudai jedwali la eneo katika kila kina, au fomyula inayoeleza badiliko hilo.

Jambo la pili ni hali ya bwawa siku ya mvua. Mchoro huonyesha bwawa jipya, lakini mvua hunyesha juu ya bwawa lililopo. Turudie mfano wetu, na tuseme kwamba mchanga na takataka zimejaza nusu ya bwawa hadi kwenye tuta, likabaki eneo la mita 1,000. Hesabu inaonyesha kwamba kina kingehitaji kufika mita 1.58, wakati tuta lina mita 1.2. Maji yatavuka tuta kabla ya dakika ya 30.

Jambo la tatu ni kina cha kuanzia. Mtumiaji asipoandika chochote, SWMM huchukulia kwamba bwawa ni tupu. Katika mfano wetu, mvua inapokoma kufika bwawani dakika ya 60, bado kuna kina cha mita 0.83, na bwawa linahitaji takriban dakika 80 zaidi ili kujimaliza. Mvua ya pili iliyo sawa na ya kwanza ikifuata papo hapo, kina kitataka kufika mita 1.4, na tuta litavukwa. Wakati wa masika si jambo la ajabu mvua kufuatana hivyo. Kwa hiyo haitoshi kulijaribu bwawa kwa mvua moja. Ni vema kuipa programu mfululizo wa mvua za siku nyingi kama zilivyopimwa.

Jambo la nne ndilo lenye hila zaidi, nalo ni namna ya kusoma majibu. Tuseme tundu limezibwa nusu na mifuko ya plastiki. Hesabu inaonyesha kwamba maji yatokayo tunduni yatapungua hadi takriban mita za ujazo 0.43 kwa sekunde. Mtu atazamaye mtiririko wa tundu pekee atafurahi na kusema kwamba bwawa limekuwa bora kuliko awali. Lakini kina kinataka kufika mita 1.3, na maji yanavuka tuta kabla ya dakika ya 40. Katika SWMM, kama mtumiaji hakuweka njia ya kupitishia maji ya ziada, maji yanayozidi kimo cha juu cha kifundo huhesabiwa kuwa yametoka nje ya mtandao. Huandikwa katika taarifa kama mafuriko ya kifundo hicho, lakini hayaonekani tena katika mfereji wa chini. Katika karatasi yametoweka; mtaani yameingia katika nyumba za watu.

Programu hutoa pia kipimo cha kosa la mizania, yaani tofauti kati ya maji yaliyoingia na yale yaliyotoka au kubaki. Kosa hilo likiwa kubwa, majibu hayafai. Hata hivyo, kosa dogo halithibitishi kwamba majibu ni ya kweli. Mwenye duka aweza kuwa na daftari linalolingana hadi senti ya mwisho, na bado akawa ameandika magunia ambayo hayamo ghalani.

Wengine huweka matumaini yao katika jua kukausha bwawa. Tulipime jambo hilo. Mvukizo wa milimita 5 kwa siku katika eneo la mita 2,000 huondoa mita za ujazo 10 kwa siku nzima. Mafuriko ya mfano wetu yalikuwa mita za ujazo 3,600 kwa saa moja.

Kazi kwa shule

Hakuna shule inayohitaji kompyuta ili kuanza kuifanya kazi hii. Tunapendekeza hatua tatu.

Kwanza, wanafunzi wa fizikia watumie debe lenye tundu, rula na saa, wapime kina kila baada ya sekunde 10 wakati maji yanatoka. Wachore grafu ya kipeuo cha pili cha kina dhidi ya muda. Kama sheria ya Torricelli inafuatwa, watapata mstari ulionyooka.

Pili, wanafunzi wa hisabati wapime bwawa au shimo lililo karibu, wakati wa kiangazi ambapo ni kavu, kwa kamba yenye mafundo na fimbo iliyotiwa alama. Wapate eneo katika kina mbalimbali, kisha ujazo kwa kanuni ya trapeza. Kazi hii ifanywe pamoja na mwalimu, wala isifanywe kamwe wakati kuna maji.

Tatu, darasa lirudie jedwali la makala haya kwa bwawa lao, kwa kutumia kikokotoo au, mahali ilipo, kompyuta. Kisha wapime tena bwawa lilelile mwaka unaofuata, walinganishe ujazo wa miaka miwili. Tofauti watakayoipata ni mchanga na takataka.

Vipimo vya namna hiyo ndivyo ambavyo mara nyingi hukosekana mhandisi anapoketi mbele ya kompyuta yake. Programu zinapatikana bure, na mlinganyo wa mizania ni uleule tangu siku za Puls. Lakini eneo la bwawa katika kila kina, hali ya tundu lake, na kiasi cha mchanga kilichomo, havipatikani popote isipokuwa kwa mtu kwenda pale na kupima. Salama ya wale wanaoishi chini ya tuta hutegemea kwamba mtu huyo alikwenda.